Kuandika Maisha Yako Bila Kuianika Nyumba Nzima: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nnaulizwa kila mara, kwenye grupu za WhatsApp, kwenye voisi za usiku wa manane, baada ya mafunzo watu wakishatawanyika mmoja anabaki nyuma anauliza kwa sauti ya chini. Wengi ni vijana wa Unguja na Pemba wanaoandika habari za maisha yao wenyewe, wengine Facebook, wengine wanatayarisha kitabu, wengine status ndefu ndefu. Wote wana hofu mbili kwa mpigo: wakificha sana maandishi yanapoa, wakisema yote nyumbani hapakaliki. Nimeyaweka kwa mafungu, huna haja ya kuanza juu, nenda kwenye lako, na pale jibu lilipo kwengine ntakuelekeza.

## Ya mwanzo

Nikilificha jambo, si nishakuwa muongo?

Hapana. Uongo ni kusema lilokuwa halikuwa, au kuyapanga maneno makusudi ili anaesoma aamini kitu unachokijua sicho. Kunyamaza ni jambo jengine. Msomaji anakudai ukweli wa kile ulokiweka mbele yake, hakudai maisha yako yote.

Chukua mwanamke alieachika, anataka kuandika siku zake za eda, usiku haulaliki, majirani wanakuja na pole zenye maswali ndani yake, mama yake anamlazimisha kula. Anaweza akayaandika yote hayo mpaka msomaji akatoa machozi na asiseme hata mstari mmoja kwa nini ndoa ilivunjika. Anaweza hata kuandika wazi kabisa "sababu sitoisema, ni ya watu wawili". Sentensi hiyo ni ya kweli na inamuheshimu msomaji. Kibaya ni akiandika kuwa waliachana kwa wema wakati walifikishana kwa kadhi mara chungu nzima, hapo kashadanganya, na alikuwa na njia ya kunyamaza.

Na kwa wengi wetu huku jambo hili linatoka kwenye dini. Kuna hadithi sahihi, iko kwa Bukhari na Muslim, ya mtu aliefanya jambo usiku, Mola akamsitiri, kisha asubuhi yeye mwenyewe akaanza kulitangaza, na Mtume kamlaumu kwa kujianika huko. Kwa hiyo anaekwambia kwamba ukijisitiri ni mnafiki, muache na maneno yake.

Sasa ntajuaje kipi changu na kipi cha watu?

Soma sentensi moja moja, na kwa kila moja jiulize, humu ndani yumo nani mwengine? "Nilifeli fomu foo nikajifungia chumbani" hiyo ni yako, iandike unavotaka. "Nilifeli fomu foo, baba akauza ng'ombe wa yatima ili nirudie mtihani" hapo kuna baba, kuna yatima, na kuna ng'ombe wa watu, na pengine yatima mwenyewe mpaka leo hajui ng'ombe wake alikwenda wapi, atakuja kujua kwako kwenye simu ya mtu.

Yaliyo yako peke yako huna wa kumuomba ruhusa. Yaliyo yenu pamoja, kama ndoa, malezi, ugomvi wa mirathi, unamuuliza mwenzako kwanza. Na yapo yale ambayo si yako hata kidogo, umeyajua tu kwa sababu ulikuwepo mlangoni au mtu alikuamini akakwambia. Hayo mie naona hayaandikwi, hata yawe matamu vipi, na mara nyingi ndo yanakuwa matamu kuliko yote.

Kwa nini hapa kwetu iwe ngumu zaidi?

Kwa sababu tunajuana. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na Pemba peke yake 543,441. Mtu wa mji wenye mamilioni akiandika "jirani yangu fundi cherehani" huyo fundi kashapotea. Wewe ukiandika fundi cherehani wa Mtambile anaechechemea, mtu alieko Muscat anamjua, tena anajua na mkewe ni nani.

Jengine, wasomaji wako wa kwanza ni ndugu na majirani. Kabla hujasomwa na mtu usiemjua utakuwa ushasomwa na shangazi, na mwalimu wako wa chuoni, na yule binamu alieko Dubai ambae kazi yake ni kusambaza. Na swali letu la kwanza kwa mtu ni "wewe mtoto wa nani?", kwa hiyo hata ukiandika habari zako peke yako watu watakusoma na ukoo wako mzima nyuma yako.

Kuna mtu wa kwetu aliewahi kuandika maisha yake hivi?

Yupo, na mie nawashauri wote wamfikirie. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said bin Sultan, kazaliwa Mtoni 1844. Wakati ule wasichana wa kasri walifundishwa kusoma tu, kuandika alijifunza mwenyewe kwa siri, ananakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Akaondoka Unguja 1866, akaolewa na Mjerumani, na kumbukumbu zake zikatoka Ujerumani 1886.

Angalia alichokisema na alichokinyamazia. Ugomvi wa ndugu zake ndani ya kasri kausimulia na majina, Majid, Barghash, Khole, na alivyotumika yeye kuandika barua za njama za Barghash za kumpindua Majid, aliekuwa Sultani, 1859. Barghash wakati kitabu kinatoka bado ni Sultani, kafariki 1888. Lakini mapenzi yake mwenyewe, namna alivotoka na mimba ndani, hilo kalipita juu juu, mimba hakuitaja kabisa. Maisha yake ya ndoa na ujane Ujerumani aliyaandika mbali, kwa mtindo wa barua, na hayakuchapishwa mpaka yeye keshafariki zamani, maana alifariki 1924.

Mie namheshimu sana, ila naona alikuwa mkarimu na siri za ndugu zake kuliko zake. Hatuwezi kumhukumu, alikuwa anadai mirathi na alikuwa peke yake ugenini. Lakini wewe ulieko Jang'ombe unaekula sahani moja na ndugu zako, ningekwambia ufanye kinyume chake, yako mwaga kadiri unavyoweza, ya ndugu zako shika.

## Majina, picha na alama

Nitumie jina langu au la kupanga?

Yote mawili yanafaa. Jina lako linakulazimisha kuwa muadilifu, kila mstari unajua utaulizwa barazani. Jina la kupanga linakupa pumzi, hasa kwa mwanamke anaeandika juu ya uzazi au mtu anaeandika juu ya maradhi ya akili, na si uongo, mradi usijizulie mtu asiekuwepo. Mwanamme kujifanya mjane mwenye watoto wanne ili watu wamtumie pesa, huo ni utapeli.

Ukichagua jina la kupanga lifanyie kazi sawasawa. Usilifungulie akaunti kwa namba yako ya kila siku, maana programu nyingi zinasoma kontakti za watu na kuwapendekezea "huenda unamfahamu", halafu wa kwanza kupendekezewa ni shemeji yako. Tumia imeili mbali, picha mbali. Na jua kwamba watu watakujua kwa maneno yako, kama mtaani unajulikana kwa msemo fulani, usiuandike huko.

Nikibadilisha jina la mtu inatosha?

Haitoshi, na hapa ndo pana makosa mengi kuliko pote. Tuseme umeandika hivi:

*"Mwalimu mmoja wa hesabu hapa Konde, namwita Bi Zuhura, aliachwa mwaka juzi na mumewe mwenye duka la simu Wete, kisa mkopo wa benki alouchukua bila ya kumwambia."*

Jina umebadilisha, lakini walimu wa hesabu wanawake Konde ni wangapi? Wenye mume mwenye duka la simu Wete je? Walioachwa mwaka juzi? Keshajulikana kabla msomaji hajafika mwisho wa mstari. Sasa toa somo, toa Konde, toa duka, toa mwaka:

*"Mwanamke mmoja nnaemjua aliachwa kwa sababu ya deni alilolificha. Alinambia kilichomuuma si talaka. Zile pesa alikopa kwa ajili ya mume."*

Imepungua nini? Mie naona imezidi nguvu. Ile ya kwanza msomaji anatafuta ni nani, hii ya pili anafikiria deni lake mwenyewe. Kipimo changu ni hiki: hesabu alama za mtu, kazi, sehemu, umri, ulemavu, idadi ya watoto, mwaka. Mbili zikikaa pamoja hapa kwetu ni nyingi, tatu ni sawa na kuweka picha yake. Na hata ukishazitoa, kama ni siri alokwambia wewe peke yako, ruhusa iko pale pale, maana yeye mwenyewe atajijua.

Ukibadilisha vitu ili kumlinda mtu, sema mara moja mwanzoni kwamba baadhi ya mambo umeyabadilisha. Vivyo hivyo ukiwaunganisha watu wawili ukawafanya mmoja, sema. Msomaji hatakasirika, anakasirika akigundua mwenyewe.

Si bora niandike kwa mafumbo?

Fumbo kwa watu wa kwetu halifichi kitu. Sisi tumelelewa na taarabu na majina ya kanga. Mtu akitia kanga yenye maneno fulani siku ya harusi, akapita mbele ya mke mwenziwe taratibu, hajamtaja mtu, na ukumbi mzima ushafahamu nani kapigwa. Ukiandika "kuna mtu anakula na sisi lakini moyo wake uko kwengine, anajijua" umeshafanya mambo matatu: mlengwa kajijua, watu wengine saba wasiohusika wamejihisi ni wao, na baraza nzima imepata kazi ya wiki.

Fumbo ni zuri kwa ushairi na kwa kuchokozana kwa mapenzi. Kwa kumlinda mtu halifai. Ama sema yako wazi bila kumgusa mwenzako, ama nyamaza.

Picha ya chakula tu ina neno?

Inaweza kuwa nalo. Kwanza kuna kisichoonekana, simu nyingi kama kwenye kamera umewasha lokesheni zinaandika ndani ya faili la picha mahali halisi ulipopiga, na saa. Facebook na Instagram mtu mwengine akiiona posti yako hazimuoneshi hayo, na WhatsApp ukituma kama picha ya kawaida inayavua, lakini ukituma kama dokumenti, ile njia tunayoitumia ili picha isipoteze ubora, linakwenda faili zima na yote yaliyomo. Izime lokesheni ya kamera, ni mara moja tu kwenye setingi.

Pili kuna kinachoonekana na hukukitizama. Unapiga meza ya futari, juu ya meza kuna muhogo wa nazi, kuna tambi, kuna mkate wa kumimina, na pembeni kuna bahasha ya hospitali yenye jina la mama, nyuma kwenye msumari kuna yunifomu ya mtoto yenye beji ya skuli, na kwenye kioo cha kabati anaonekana dada kichwa wazi. Kabla hujaweka picha ivute kwa vidole viwili, pita kona zote nne, kisha vioo, kisha karatasi. Tiketi za boti na vitambulisho usiziweke kabisa hata kwa furaha ya safari, zina jina kamili na namba. Na ukitaka kusema uko wapi, sema ukishaondoka.

## Nyumbani

Naweza kumuandika mume au mke wangu?

Kwa idhini yake, ndiyo. Mambo ya chumbani, hapana, hata kwa idhini. Kuna hadithi kwa Muslim inayomtaja mtu anaekuwa na mwenzake faragha kisha akaitoa siri yake kuwa ni katika watu waovu kabisa siku ya Kiama, na hata asiekuwa na dini akitafakari ataona kwa nini.

Idhini yenyewe iombwe vizuri. "Ntaandika habari zetu, sawa?" mtu anakujibu sawa huku anatizama mpira. Msomee maneno yenyewe, kama ulivoyaandika, mkiwa mmetulia, na umwambie nani watasoma. Akisema toa hapa, unatoa bila ya kununa. Na idhini ya mwaka jana si ya leo, kama mmegombana au mmeachana yale ya zamani muulize tena au yaondoe.

Mama hataki kabisa nimuandike, na mie bila mama sina hadithi.

Hili linaulizwa sana na linaniuma kila nikilisikia, mana ni kweli, utaandikaje utoto wako bila mama?

Kwanza muulize anaogopa nini khasa. Mara nyingi hakatai yote. Anaogopa jambo moja, pengine watu wasijue kwamba aliwahi kuuza maandazi stendi, wakati wewe unaona ndo fahari yako, au hataki ndoa ya kwanza itajwe, au anamuogopa kaka yake mkubwa atasema nini. Ukilijua hilo moja unaliepuka na mengine anakuachia. Wengine wakisomewa wanaanza kusahihisha, "siku ile haikuwa Ijumaa, ilikuwa siku ya gulio", na hapo ujue keshaingia mwenyewe.

Akikataa moja kwa moja, andika kwa upande wako. Badala ya "mama alikuwa analia kila usiku kwa sababu baba hakutuma pesa", andika ulichokisikia wewe mtoto kupitia ukuta, ulichokidhania, ulivojifunika shuka kichwani. Hisia ni zako, sababu ni zake. Kuna watu wameandika kurasa nyingi kwa namna hii na mama hajaonekana vibaya hata mara moja.

Na ikiwa hata hivyo hataki, basi subiri. Andika, weka. Mie siamini kwamba kuna posti inayostahili mama akuondokee na kinyongo.

Na watoto?

Mtoto hawezi kukubali wala kukataa, kwa hiyo wewe ndo mlinzi wake. Furaha ya jumla, sawa. Kukojoa kitandani, maradhi yake, alama zake za mtihani, kilio chake akiadhibiwa, acha, hata kama inachekesha sana, ataikuta akiwa na miaka kumi na sita na wenzake wataikuta kabla yake. Yunifomu yenye jina la skuli au madrasa pamoja na saa anazotoka, kamwe. Wakishafika umri wa kusoma wenyewe wasomee, na wakisema hapana iwe hapana.

Marehemu nae ana siri?

Anazo, na wenye kuzibeba wako hai. Tumekatazwa kuwatukana wafu, iko kwa Bukhari, na kuna sababu ya kawaida tu pia: hawezi kujibu. Ukiandika kwamba babu alidhulumu shamba la karafuu, wanaosoma ni wajukuu wa pande zote mbili, na pengine kesi ya shamba bado iko mahakamani. Ikiwa jambo lenyewe limekuumba wewe na huwezi kulipita, andika unachokijua kwa uhakika, tenga ulichokisikia, na usitie nia moyoni mwa mtu alokwishazikwa.

Naumwa, nataka kuandika ugonjwa wangu. Huo si wangu peke yangu?

Mwingi wake ni wako, na wanaoandika maradhi yao wanawasaidia watu wengi sana, mtu wa Micheweni anaesoma usiku kwamba kuna mwenzake, hilo ni jambo kubwa. Lakini yapo maradhi yanayosema na ya wengine. Selimundu ni mfano ulio wazi, haupatikani mpaka mtoto arithi jeni yake, yaani chembe ya urithi, kwa baba na kwa mama, kwa hiyo ukiandika "mie nna selimundu" umeshasema jambo juu ya wazee wako wawili, na umegusa ndugu zako ambao kesho watachumbiwa. Sisemi usiandike. Nasema waite ndugu zako kwanza, wasikie kwako kabla hawajaulizwa na mshenga.

Maradhi ya kuambukiza yanayohusu mwenza, rudi kwenye swali la mume na mke, na hapo ongeza tahadhari mara mbili.

## Kazini na hadharani

Nafanya kazi hoteli, nakutana na visa vya ajabu. Niandike?

Andika kazi yako, miguu inavyouma, mshahara unavyokwisha kabla ya mwezi, lugha ulizojifunza kwa wageni. Mgeni alieingia na nani chumba gani si chako, kalipia chumba ili awe faragha. Muuguzi, mwalimu, sheha, kungwi, mshenga, hukumu ni moja, yale watu waliyokwambia kwa sababu ya nafasi yako hayakuwa zawadi kwako wewe kama muandishi. Tena soma mkataba wako wa kazi, mara nyingi kuna kifungu cha siri.

Na siasa?

Maoni yako na uloyaona kwa macho yako ni yako. Tatizo ni wengine waliokuwemo. Wako watu wa Pemba wanaotaka kuandika Januari 2001, waandamanaji walipopigwa risasi na watu wakakimbia, walivovuka kwa vyombo usiku mpaka Shimoni, Kenya. Hizo ni kumbukumbu zinazostahili kuandikwa na walioziishi. Lakini mwenye chombo, aliekuficha ndani, askari alokufumbia macho ukapita, hao hawakukuruhusu kuwataja, na wewe hujui leo wako wapi na wanaishi na nani. Majina yao yaache mpaka wakwambie.

Sheria inasemaje?

Kwa ufupi. Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 15, inalinda maisha binafsi ya mtu, familia yake na maskani yake, na kifungu cha 18 kinampa uhuru wa kutoa maoni, yaani mvutano huu tunaouzungumza umo ndani ya katiba yenyewe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatumika Bara na Zanzibar, na inagusa kutangaza habari za uongo na kumnyanyasa mtu mtandaoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ya Jamhuri ya Muungano, imeanza kutumika Mei 1, 2023, na taarifa za afya inaziweka kwenye kundi nyeti. Ukiona unataka kuandika jambo linaloweza kukufikisha mahakamani, muone wakili kabla, si baada.

Na usidhani kwamba likiwa kweli umeshasalimika kwa watu. Kusengenya kwenyewe, kama Mtume alivyolieleza, ni kumtaja mwenzako kwa analolichukia hata kama analo kweli, na kama hana ndo inakuwa uzushi.

## Yameshatoka

Nikifuta, limefutika?

Kwako limefutika. Status ya WhatsApp inaondoka baada ya saa 24 lakini anaepiga skrinshoti hupati taarifa, na kuna mashine za kuhifadhi kurasa za intaneti ambazo hukuziomba. Futa haraka ukiona umekosea, inapunguza madhara, ila usiandike kwa kutegemea kufuta. Na ukiwa na hasira andika uwezavyo, kwenye daftari au noti za simu, halafu lala.

Nnatumia jina la kupanga na watu wameshanigundua.

Usikanushe kwa kiapo, hapo ndo utaingia kwenye uongo wa kweli. Una hiari ya kutojibu. Pitia yote uloyaandika kwa jicho la mtu anaekujua, ondoa yanayowagusa wengine, kisha waendee wewe mwenyewe wale wawili watatu wanaohusika zaidi kabla maneno hayajawafikia yamekuzwa. Kuendelea au kuacha amua baada ya wiki kadhaa.

Ndugu kakasirika kwa nililoandika, na nililoandika ni kweli.

Ondoa kwanza, jadilini baadae. Kuondoa kwa muda hakumaanishi umekubali kuwa uliongopa. Nenda nyumbani kwake, usimpigie simu wala kumtumia meseji ndefu, na usianze na "lakini ni kweli", anajua ni kweli ndo mana kakasirika. Muulize sentensi ipi. Mkishindwana tafuteni mtu mzima mnaemuheshimu wote wawili. Ikiwa ni jambo lenu pamoja na hataki katakata, mie ningeliacha, ikiwa ni lako na yeye kapita tu ndani yake, mtoe yeye urudishe lako.

Nimedhulumiwa. Nikinyamaza si nnamlinda alienidhulumu?

Hapa sitara isitumike kukufunga mdomo. Yote nilosema juu ni kwa mambo ya kawaida ya watu, si kwa alieingiliwa, aliepigwa, mtoto alieharibiwa. Hata wanavyuoni walioikemea ghiba wamelitoa hili nje, Imamu Nawawi kataja hali sita zinazoruhusu, na ya kwanza ni aliedhulumiwa kumshitaki dhalimu kwa mwenye uwezo wa kumsaidia.

Angalia hayo maneno, mwenye uwezo wa kumsaidia. Kwa hiyo anza huko: vituo vya Mkono kwa Mkono hospitalini, dawati la jinsia polisi, kwa watoto namba 116 inapigwa bure, na kwa msaada wa sheria wako ZAFELA, wanasheria wanawake wa Zanzibar. Kama ni la karibuni nenda kabla ya kuandika chochote hadharani, kwa sababu ushahidi wa mwili unapotea haraka na maneno ya mtandaoni yanaweza kutumiwa na upande wa pili.

Baada ya hapo kuandika ni haki yako. Yaliyokupata yaandike kama yalivyo, hakuna wa kukupangia. Jina lake ndo la kushauriana na wakili, na kama dhalimu ni wa damu, kumtaja kunaweza kumtaja na muathirika mwengine nyumba ile ile ambae hajawa tayari. Mtafute huyo kwanza kama unaweza. Na wewe unaesoma ya mwenzako, usimuulize "nani?".

Namuandikia mzee maisha yake, yeye anasimulia mie naandika. Ruhusa moja inatosha?

Haitoshi. Mzee anaposimulia huwa anazungumza na wewe, kasahau kabisa kama kuna watu wengine watasoma. Ukimaliza kila sehemu rudi umsomee kwa sauti, na kama hasikii vizuri tafuta wakati asubuhi, hajachoka. Pale anaponyamaza au anapojigeuza kwenye mkeka, simama umuulize kama hilo litoke. Akikwambia "hili lako wewe tu" liandike kwenye karatasi mbali au usiliandike kabisa, lakini lisiingie kwenye faili moja na mengine, maana faili likishakopiwa hakuna anaekumbuka lipi lilikuwa la siri.

Zile sauti ulizorekodi kubalianeni mapema nani atazishika yeye akifariki, mtoto gani kwa jina, na mtoto huyo awepo siku mnapokubaliana. Na yale majina ya watu anaowataja mzee, wale wake wenza wa zamani na madeni ya watu wa Kengeja, utayapitisha kwenye kile kipimo cha alama nilichokitaja kwenye swali la kubadilisha majina, kwa sababu yeye kakuruhusu ya kwake tu.